Jifunze Alama Moja ya Kichina: Shamba

Wengi wetu tumeyaona maandishi ya Kichina. Yapo kwenye boksi la tochi, yapo chini ya beseni, yapo kwenye karatasi inayokuja na bomba la kunyunyizia dawa. Tunayatazama kidogo, tunasema, "Aa, hivi ni vijiti tu," kisha boksi tunalitupa. Leo hatutatupa. Tutachukua alama moja tu. Tutaisoma, tutaiandika, halafu tutaona Wachina wanaitumiaje. Alama yenyewe ni hii:

田

Itazame vizuri. Ni mraba, na ndani yake kuna msalaba. Sasa wewe unayelima mpunga, fikiri umesimama mlimani unatazama majaruba yenu bondeni. Unaona nini? Unaona kingo za nje zinazozunguka shamba lote. Unaona na kingo nyingine zinazopita katikati, moja imelala na moja imesimama, ili maji yatulie. Basi umekwisha kuisoma alama hii. Maana yake ni shamba.

Wachina huitamka "tien". Wakitumia herufi kama zetu huandika tian. Sauti yake hupanda, kama mtu aliyeitwa kwa mbali akaitika kwa kuuliza, "Eee?" Kupanda huko kwa sauti ni lazima. Ukisema "tien" kwa sauti ya juu iliyonyooka, Mchina hatasikia shamba. Atasikia mbingu. Wale ambao lugha zao za nyumbani hupandisha na kushusha sauti, kama Wahaya na Wasukuma, hawatashangaa sana. Sisi wengine itabidi tujifunze.

Alama siyo herufi

Katika kisomo tulijifunza herufi. Kiswahili kina herufi 24, ukiihesabu ch kuwa moja. Kila herufi ni sauti. Herufi m ikikaa peke yake si shamba, si mama, si maji. Ni sauti tu. Mpaka uziunganishe herufi ndipo upate neno.

Mchina hafanyi hivyo. Yeye huandika alama moja yenye maana yake kamili, na alama hiyo husomwa kwa mkato mmoja tu wa sauti. Jambo hili linaonekana geni, lakini hata sisi tunalo. Tazama tarakimu 8. Mswahili huisoma "nane". Mfaransa huisoma kwa Kifaransa, na Mhindi kwa Kihindi. Hawaelewani wakizungumza, lakini kila mmoja akiiona 8 kwenye mzani anajua ni kilo ngapi. Tarakimu haionyeshi sauti. Inaonyesha maana. Alama za Kichina zinafanya kazi namna hiyohiyo.

Ndiyo maana mtu wa Beijing akiiona 田 husema "tien", na mtu wa Guangdong, kule kusini, husema "tin". Mjapani husema "ta". Mkorea husema "jeon". Vinywa ni mbalimbali, shamba ni lilelile. (Kwa Wajapani na Wakorea siyo lilelile kabisa, lakini hilo tutalifikia.)

Kuna faida nyingine. Sisi tunalo neno "paa". Kuna paa la nyumba, kuna paa mnyama wa porini, na kuna kupaa kama ndege. Tunaviandika sawasawa, na msomaji anaambua mwenyewe kwa kufuata habari. Wachina wana maneno mengi sana ya namna hiyo. Kwa mfano, neno lao la "tamu" hutamkwa "tien" kwa sauti ya kupanda, sawasawa kabisa na shamba. Lakini katika maandishi huwezi kuyachanganya, maana tamu ina alama yake nyingine: 甜.

Hasara nayo ipo, tena kubwa. Mtu hawezi kumaliza alama kama tunavyomaliza herufi. Serikali ya China ilipotoa kanuni za kufuta ujinga wa kutosoma mwaka 1988, ilisema mkulima atahesabiwa kuwa anajua kusoma akijua alama 1,500. Mfanyakazi na mtu wa mjini ni alama 2,000. Mwanakisomo wa kwetu aliyehangaika na herufi 24 na ahesabu mwenyewe! Mwaka 1949 inakadiriwa kwamba watu wanane kati ya kumi nchini China walikuwa hawajui kusoma. Kazi ya kuwafundisha ilichukua miaka mingi. Alama nyingi zenye mistari mingi zilipunguzwa mistari kuanzia mwaka 1956 ili zisiwachoshe wanaojifunza. Alama yetu ya shamba haikuguswa. Mistari yake ilikwisha kuwa michache.

Tuiandike sasa

Chukua kijiti, chora mchangani. Alama hii ina mistari mitano, na kila mstari una zamu yake.

Kwanza, chora mstari wa kusimama upande wa kushoto, kutoka juu kwenda chini. Pili, anzia juu kushoto, nenda kulia, kunja kona, kisha shuka chini bila kuinua kijiti. Tatu, chora mstari wa kulala katikati. Nne, chora mstari wa kusimama katikati. Tano, chora mstari wa kulala kule chini ili ufunge mraba.

Kwa nini mstari wa chini uwe wa mwisho? Walimu wa Kichina huwaambia watoto: ingieni ndani kwanza, halafu ndipo mfunge mlango. Wajapani nao hufunga mlango mwisho, ila mle ndani huanza na mstari wa kusimama. Mradi kila nchi na mwalimu wake.

Angalia sana ule mstari wa kusimama wa katikati. Usiuache utoke nje ya mraba. Ukitokeza juu, umeandika 由, yaani "kutokana na". Ukitokeza chini, umeandika 甲, yaani gamba, kama gamba la kobe. Ukitokeza juu na chini, ni 申, yaani kutoa maelezo. Usicheke, maana na sisi tunayo hayo. Igeuze herufi b upande wa pili, na "baba" atakuwa "dada".

Ilitoka wapi?

Alama hii ni ya zamani sana. Imeonekana kwenye mifupa ya mabega ya ng'ombe na magamba ya kobe yaliyoandikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wakati wa wafalme wa ukoo wa Shang. Wafalme hao walikuwa wakiuliza mambo yajayo. Mvua itanyesha? Mavuno yatakuwa mazuri? Vita tutashinda? Waaguzi wao waliutia mfupa moto mpaka ukapasuka, wakasoma nyufa zake, kisha swali likachongwa palepale kwenye mfupa.

Mifupa hiyo ilifukiwa ardhini karibu na mahali panapoitwa Anyang. Wakulima wa kijiji cha Xiaotun walikuwa wakiikuta walipolima. Waliiita mifupa ya joka, wakaiuza kwa wauza dawa, na huko ikasagwa kuwa unga wa kutibu wagonjwa. Mwaka 1899 ndipo msomi mmoja wa Beijing, Wang Yirong, alipoitambua kuwa ina maandishi. Mimi hujiuliza ni mifupa mingapi iliyokuwa imekwisha kunywewa kama dawa kabla ya hapo.

Kwenye mifupa hiyo 田 iko wazi kabisa. Mara nyingine ina vyumba vinne kama sasa, mara nyingine ina vyumba zaidi. Na jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingi haisemi habari za kilimo. Inasema mfalme amekwenda kuwinda. Alama moja ilitumika kwa shamba na kwa uwindaji pia. Maana ya kuwinda ilikuja kupotea. Iliyobaki ni shamba.

Wanaitumiaje?

Wakulima wa mpunga China husema "shui tien", 水田. Ile alama ya kwanza ni maji. Maji na shamba: jaruba. Wapo pia wenye "han tien", shamba la nchi kavu. Mtu akisema "zhong tien", yaani kupanda shamba, maana yake ni kuwa mkulima, kula kwa jasho la jembe. Huenda wazee wa Mbarali waliyasikia maneno haya, maana wataalamu wa Kichina walisaidia kujenga shamba kubwa la mpunga kule miaka ya 1970.

Lakini neno halikubaki kwenye mazao. Mahali panapochimbwa mafuta ya petroli huitwa "you tien", shamba la mafuta. Mahali pa kukaushia maji ya bahari huitwa "yan tien", shamba la chumvi. Hapo watu wetu wa pwani watatikisa kichwa, kwa kuwa na sisi tunasema mashamba ya chumvi. Watu wawili walioko mbali wametazama vidimbwi vya chumvi vilivyopangwa kwa kingo, na kila mmoja akaona majaruba.

Lipo na neno "tien ji", 田鸡. Alama ya pili ni kuku. Kuku wa shambani! Ukialikwa chakula ukaambiwa kuna kuku wa shambani, uliza kwanza, maana huyo ni chura.

Alama ya shamba pia huingia ndani ya alama nyingine. Hapa ndipo penye utamu wake. Weka majani juu ya shamba: 苗. Hiyo ni miche. Mkulima yeyote angeweza kuitunga hiyo. Alama ya mpaka, 界, nayo imebeba shamba kichwani. Na weka nguvu chini ya shamba: 男. Hiyo ni mwanaume. Nguvu yenyewe, 力, wataalamu wengi wanasema ilikuwa picha ya chombo cha kulimia.

Najua akina mama wataniuliza, "Na sisi tunaoamka na jembe alfajiri, shamba letu liko wapi?" Ni swali la haki. Alama ya mwanamke ni 女, na zamani ilikuwa picha ya mtu aliyepiga magoti, mikono ameiweka mbele. Shamba halimo. Walioipanga hivyo hawakwenda kutazama nani anapalilia.

Hata hivyo jihadhari. Si kila mraba wenye msalaba ni shamba. Ukiiona 果, yaani tunda, utadhani ni shamba juu ya mti. Sivyo. Zamani kile cha juu kilikuwa picha ya matunda yaliyokaa mtini, na kwa kuandikwa miaka mingi kikabadilika hadi kufanana na shamba. Kwa hiyo mtu asijivune kwamba ataweza kukisia kila alama kwa kuitazama. Ataumbuka.

Shamba kwenye pikipiki

Wajapani waliazima alama za Kichina zamani sana. Walipoichukua 田, waliifanya iwe jaruba la mpunga tu. Shamba la nchi kavu wakalitungia alama yao wenyewe, 畑, moto kando ya shamba. Mtu aliyewahi kufyeka na kuchoma ili apande anaelewa moto ule unafanya nini hapo. Wakorea walifanya kinyume. Kwao 田 ni shamba la nchi kavu, na kwa jaruba walitunga 畓, maji juu ya shamba. Kila taifa liliitengeneza alama lifanane na ukulima wake.

Sasa fikiria pikipiki ya Honda inayopita kijijini. Honda ni jina la ukoo wa Soichiro Honda, aliyeianzisha kampuni hiyo mwaka 1948. Jina hilo huandikwa 本田. Ya kwanza ni asili au chimbuko, ya pili ndiyo hii yetu, na hapo husomwa "da". Na Toyota je? Hiyo ilitoka katika jina la ukoo wa Toyoda, 豊田, yaani jaruba lenye neema. Kampuni ilipokuwa inaanza, mwaka 1936, jina lilibadilishwa kidogo likawa Toyota, nalo huandikwa kwa herufi za sauti za Kijapani, kwa hiyo kwenye jina la gari alama ya shamba haimo tena. Lakini mizizi yake ni jarubani. Wajapani wengi wana majina ya namna hii, kwa sababu wazee wao walikuwa wakulima, na mtu alitajwa kwa mahali anapolima.

Nani mwenye shamba?

Ukiifuata alama hii katika historia ya China, utaikuta kila mahali watu wanapogombea ardhi. Mwalimu wa zamani Mencius, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alieleza mpango wa kugawa ardhi katika viwanja tisa. Familia nane zilipewa kila moja kiwanja chake, na kile cha katikati wakakilima kwa pamoja kwa ajili ya mtawala. Wazee waliolima mashamba ya kijiji siku za ujamaa watauelewa mpango huo upesi. Wataalamu mpaka leo wanabishana kama ulipata kufanyika kweli.

Kilichofanyika kweli ni kwamba kwa karne nyingi wakulima wengi walilima ardhi ya matajiri na kutoa sehemu kubwa ya mavuno kama kodi. Mwaka 1924 kiongozi Sun Yat-sen alitangaza kwamba kila alimaye awe na shamba lake. Kwa Kichina ni alama tano tu, na ya mwisho ni 田. Sheria ya mwaka 1950 ilichukua ardhi ya makabaila, na wakulima zaidi ya milioni 300 wakagawiwa. Lakini shamba hilo halikukaa mikononi mwao. Lilitiwa katika vyama vya ushirika, na mwaka 1958 vyama vikaunganishwa kuwa jumuiya kubwa sana. Kati ya mwaka 1959 na 1961 njaa iliua mamilioni ya watu.

Kijiji cha Xiaogang, katika jimbo la Anhui, kilikuwa kimojawapo cha vijiji vilivyoteseka. Hata baada ya njaa ile kubwa watu wake walizoea kutoka na kwenda kuombaomba. Mwaka 1978 ukame ulikuwa mkali. Mwishoni mwa mwaka huo wakulima 18 walikutana usiku katika nyumba ya mmoja wao. Waliamua kugawana mashamba, kila kaya ilime yake. Jambo hilo lilikuwa limekatazwa, na adhabu yake waliijua. Kwa hiyo waliandika karatasi. Walikubaliana kwamba kila kaya itatoa nafaka ya serikali bila kupunguza. Wakakubaliana pia kwamba viongozi wao wakifungwa, au hata wakiuawa, wengine watawalea watoto wao mpaka wafikishe miaka 18.

Kisha wakatia dole gumba, kwa wino mwekundu.

Sisi wa kisomo tunalijua dole gumba. Tumelikimbia. Lakini usiku ule lilikuwa limefungamana na maisha ya mtu. Na ile karatasi haikuandikwa na wasomi. Ina makosa. Mara kadhaa mwandishi ameweka alama ya neno jingine lenye sauti ileile, kama mtu angeandika paa wa porini akikusudia paa la nyumba. Hata hivyo inasomeka. Sentensi ya kwanza inasema kwamba tumegawa mashamba mpaka kwa kaya, na alama yake ya nne ni 田.

Hawakufungwa. Mavuno ya mwaka 1979 yalikuwa makubwa kuliko waliyoyazoea kwa miaka mingi, na wakuu wa jimbo wakawaacha waendelee. Katika miaka michache utaratibu huo ukaenea karibu China nzima, na zile jumuiya kubwa zikavunjwa. Ardhi yenyewe haikuwa mali ya mtu binafsi. Mpaka leo ya vijijini ni mali ya wanakijiji kwa pamoja, na kila kaya hupewa sehemu yake kwa mkataba. Mkataba wa miaka 30 ndio wa kawaida, na mwaka 2017 serikali ilitangaza kuwa ukiisha utaongezwa miaka 30 mingine. Ukubwa wa shamba huandikwa kwa kipimo chao kiitwacho mu. Eka moja yetu ni kama mu sita.